Unanunua kamera ya mtumba? Washa kwanza tochi ya simu yako

Laki nane ipo kwenye simu. Umeikusanya miezi saba kwa kujinyima, na mwezi ujao binamu yako anafunga ndoa, tena umeshaahidi kwamba picha utapiga wewe.

Unawauliza wapiga picha watatu wa mtaani: ninunue kamera gani? Wa kwanza anakwambia Canon. Wa pili anakwambia Canon achana nazo, chukua Nikon. Wa tatu anacheka, anasema hela hiyo haitoshi kitu, subiri ufikishe milioni tatu.

Wote watatu wamekujibu kuhusu bodi. Hakuna aliyekuuliza lenzi.

Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapopoteza hela. Wanamalizia pesa yote kwenye bodi yenye jina, wanabaki na lenzi ile iliyokuja nayo boksini, na siku ya sherehe picha za ukumbini zinatoka na chenga. Au wanapata lenzi nzuri ya mtumba kwa bei chee, kumbe ndani imeota fangasi. Makosa yote mawili yanakwepeka, na kifaa cha kukusaidia unacho mkononi sasa hivi. Ni hiyo simu unayosomea.

Namba ndogo yenye maana kubwa

Chukua lenzi ya kawaida inayokuja na kamera za kuanzia, ile ya 18-55mm. Nyingi zimeandikwa mbele 3.5-5.6. Namba hizo zinaeleza ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga, lile wapiga picha wanaliita apacha. Kinachochanganya ni kwamba hesabu yake inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hiyo 3.5 unaipata ukiwa hujavuta zumu. Ukivuta zumu mpaka mwisho, tundu haliwezi kuwa kubwa kuliko 5.6.

Sasa chukua lenzi ya 50mm iliyoandikwa 1.8. Ni fupi na nyepesi (ile ya Canon ya STM, iliyotoka mwaka 2015, ina gramu kama 160 tu), na haina zumu kabisa. Ukipiga hesabu, tundu la 1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya tundu la 5.6. Ni mara kumi, si asilimia kumi.

Ukumbini hiyo inamaanisha nini? Tuseme bi harusi anaingia, taa ni hafifu za rangi rangi, na unataka kasi ya shata ya 1/125 ili asitoke ametikisika. Kwa lenzi ya boksini ukiwa umevuta zumu, kamera inaweza kulazimika kupandisha ISO mpaka 6400. Kwa lenzi ya 1.8, mahali palepale na kasi ileile, ISO 640 inatosha.

Kwenye kamera ndogo ya miaka kadhaa iliyopita, ISO 6400 ndiyo chenga zenyewe. Na chenga huanza kuonekana kwenye sehemu za giza: suti ya bwana harusi, nywele, na nyuso zetu za ngozi nyeusi zikikosa mwanga. Bodi ya bei mbaya itapunguza tatizo hilo kiasi. Lenzi ya bei ndogo italipunguza zaidi. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye laki nane ni huu: bodi ya zamani kidogo, halafu lenzi ya 50mm ya 1.8, kuliko bodi mpya peke yake.

Lakini usidanganyike kwamba 50mm itafanya kila kitu. Kamera nyingi za kuanzia zina senso ndogo (senso ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), na kwa sababu hiyo 50mm inaona kwa wembamba wa 80mm ukiwa na Canon, au 75mm ukiwa na Nikon na Sony. Kwa sura ya mtu mmoja ni tamu sana. Kwa shangazi kumi na wawili kwenye sebule ndogo, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado wawili watakuwa nje ya picha. Kwa hiyo ile 18-55 usiiuze. Itumie kwa picha za kundi, ikiwezekana nje kwenye mwanga.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: ukifungua tundu mpaka 1.8, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Ukimpiga mtu kwa karibu, jicho moja linakuwa kali na sikio limepotea. Wakisimama wawili, mmoja hatua moja mbele, mmoja ataharibika. Wakiwa wawili peleka kwenye 2.8, wakiwa wengi zaidi panda mpaka 4 au 5.6.

Mtego wa herufi moja

Upande wa Nikon kuna mtego ambao umewaliza wengi. Kuna 50mm 1.8 iliyoandikwa D na nyingine iliyoandikwa G. Ya D mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, na ni lenzi nzuri tu. Shida ni kwamba haina mota ya kufokasi ndani yake, inategemea mota ya kwenye bodi. Bodi ndogo za Nikon, zile zinazoanza na D3 au D5 zikiwa na tarakimu nne, kama D3500 na D5600, hazina mota hiyo. Ukipachika lenzi ya D inaingia vizuri, picha inapiga, lakini kufokasi unafokasi kwa mkono. Kwenye harusi! Kwa bodi hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Bodi kama D7000 na D7200 zina mota, unaweza kutumia zote mbili.

Canon hawana tatizo hilo kwa kamera zao za EOS, kwa sababu lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, zina mota ndani tangu mwanzo. Lenzi ya EF ya mwaka huo inaingia kwenye bodi za EOS za kioo zilizotoka miaka thelathini baadaye, na ukiwa na kiunganishi inaingia hata kwenye zile mpya za R zisizo na kioo. Ila angalia: zile zilizoandikwa EF-S ni za bodi zenye senso ndogo tu, haziingii kwenye bodi za kioo zenye senso kubwa.

Hii ndiyo sababu nasema lenzi ni kitu cha kukaa nacho. Bodi utabadilisha mara mbili tatu, lenzi inahama na wewe.

Na majina yasikupoteze. Kamera ileile inauzwa kwa jina tofauti kila soko. Canon 1300D iliyotokea Marekani imeandikwa Rebel T6, na iliyotokea Japani imeandikwa Kiss X80. 700D ni Rebel T5i, na Japani ni Kiss X7i. Ni kamera ileile, kwa hiyo mtu asikwambie Kiss ni feki, wala asikuuzie Rebel kwa bei ya juu eti ni "toleo la Marekani". Tofauti ya kuangalia ni lugha. Za Japani nyingi zina menyu chache za lugha, na kuna bodi za Sony za soko la Japani ambazo zina Kijapani peke yake. Fungua menyu, tafuta Kiingereza, ndipo mzungumze bei.

Sasa washa tochi

Umefika Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi, au mmekutana na muuzaji mgahawani. Lenzi iko mezani, kwa nje inang'aa. Usiishie hapo.

Itoe kwenye kamera. Toa mfuniko wa mbele na wa nyuma. Washa tochi ya simu, iweke upande wa nyuma wa lenzi, kisha chungulia kutoka mbele, ukiinamisha lenzi kidogo kidogo huku na huku. Usiangalie tochi moja kwa moja, angalia vioo kwa pembeni. Halafu geuza, tochi mbele, wewe nyuma. Kama ni lenzi ya Nikon ya G, tundu lake hujifunga ikiwa nje ya kamera, kwa hiyo sukuma taratibu kile kidole cha chuma kilichopo nyuma ili lifunguke, la sivyo utakagua nusu tu.

Utaona vumbi. Usiogope, karibu kila lenzi iliyotumika ina vumbi ndani na halionekani kwenye picha. Mkwaruzo mwembamba kwenye kioo cha mbele nao mara nyingi hauna neno. Wa kioo cha nyuma ndio mbaya zaidi.

Unachotafuta ni nyuzi. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui au mizizi ya mti, mara nyingi zikianzia pembeni. Hiyo ni fangasi. Nyingine inajitokeza kama madoa ya theluji. Ukiona kioo kizima kina ukungu wa maziwa ambao haufutiki, hilo nalo ni tatizo: picha zitapauka, hasa ukipiga kuelekea taa.

Fangasi inakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, kwa sababu inatoa asidi. Ikiwahiwa, fundi anaweza kufungua na kusafisha. Ikichelewa, anasafisha fangasi inatoka, lakini alama inabaki kwenye kioo milele. Na kwa lenzi ya bei ndogo, gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine. Muuzaji akisema "hiyo inafutika tu, mkuu", mwambie aifute kwanza, wewe utarudi.

Sisi wa pwani ndio tunapaswa kuwa wakali zaidi kwenye hili. Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevu wa hewa uko juu karibu mwaka mzima, na fangasi inastawi unyevu ukipita asilimia 60 hivi. Mimi mwenyewe nilifungia lenzi kwenye begi lake la ngozi, nikaiweka kabatini nyuma ya nguo, masika yakapita. Nilipoitoa ilikuwa na mtandao kama wa buibui kutoka ukingo hadi katikati. Nilidhani naitunza.

Giza, unyevu na hewa iliyotulia ndivyo vitu fangasi inavyopenda, na kabati la nguo lina vyote vitatu. Tafuta bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana sawasawa, weka kamera na lenzi humo pamoja na vifuko vya silika jeli, vile unavyovikuta kwenye boksi za viatu na mikoba mipya. Ukipata ile yenye rangi ni bora, maana inabadilika rangi ikishiba maji: kuna ya bluu inayogeuka waridi, na ya chungwa inayogeuka kijani. Unaikausha kwa moto mdogo, inarudi kazini. Mchele hapana. Najua utaambiwa mchele. Unanyonya kidogo sana na unaleta vumbi lake mwenyewe. Na hata ukiwa na bakuli, dawa rahisi kuliko zote ni kuitumia kamera kila wiki, ipate hewa na jua kidogo.

Tukiwa kwenye unyevu: ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje usiku wa Dar, kioo kitajaa ukungu hapohapo. Usifute futa. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto la nje taratibu. Kama ratiba inasema maharusi wanatoka saa nne, begi litoke dakika thelathini kabla yao.

Bodi imepiga picha ngapi?

Muuzaji atasema "imetumika kidogo tu". Shata ya kamera ni kifaa kinachojongea kila unapopiga picha, na kina umri. Watengenezaji hutaja idadi waliyoijaribu: Nikon D3500 ni 100,000, Canon 80D pia 100,000, Nikon D7200 na Canon 5D Mark III ni 150,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa. Kuna shata zinapita mara mbili na kuna zinazokatika mapema. Lakini bodi yenye 12,000 na yenye 140,000 hazistahili bei moja.

Kwa Nikon, namba hiyo imeandikwa ndani ya kila picha. Piga picha moja ya JPEG, ihamishie kwenye simu kwa kisomea kadi, kisha ipakie kwenye tovuti yoyote ya kuhesabu shata. Angalizo moja: muuzaji asikutumie picha hiyo kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inafuta taarifa hizo njiani. Aitume kama dokumenti, au uichukue kwenye kadi mwenyewe. Kwa Canon nyingi namba haimo kwenye picha, inasomwa kwa waya na programu ya kompyuta. Muuzaji mwenye duka ana kompyuta. Akikataa, chukulia namba ni kubwa na ushushe bei.

Ukiwa hapohapo piga picha ya anga au ukuta mweupe ukiwa umebana tundu mpaka 16, kisha ikuze kwenye simu. Madoa ya kijivu yanayobaki sehemu ileile kila picha ni vumbi kwenye senso. Linasafishika, ila ni hoja ya kupunguziwa. Bonyeza kila kitufe. Piga picha ishirini mfululizo. Jaribu kufokasi kitu cha karibu na cha mbali, sikiliza kama mota inakwaruza. Angalia skrubu za chini: zikiwa zimechunika, kuna mtu alishafungua.

Megapikseli zisikuchukulie muda. Kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa ubora wa juu unahitaji kama megapikseli 9. Ile 1300D ina 18.

Hela iliyobaki

Usiondoke na sifuri mfukoni. Kuna betri ya pili, maana ya mtumba inaweza kuisha kabla keki haijakatwa. Kuna kadi mbili za memori. Kadi feki zipo nyingi, zinaandikwa GB 128 wakati ndani ni 8, zinakubali picha zote halafu zinakuonyesha tupu nyumbani. Ijaribu kabla ya siku yenyewe: ijaze mpaka mwisho kwa programu ya kupima kadi, kisha usome kama kila kitu kimerudi. Kama utarekodi video, tafuta iliyoandikwa V30 au U3, inayohakikisha MB 30 kwa sekunde.

Flashi ya juu ya kamera ni kitu cha tatu kununua, kabla ya kufikiria bodi kubwa. Hata ya kuseti kwa mkono inatosha, ukiielekeza kwenye dari jeupe mwanga ukarudi laini usoni. Chini ya turubai la bluu hilo halifanyi kazi, watu watageuka bluu.

Na kuhusu ile harusi ya mwezi ujao, niseme ukweli. Kama hujawahi kushika kamera ya lenzi, mwezi mmoja ni mfupi kwa siku ambayo hairudiwi. Mwambie binamu amtafute mpiga picha mwenye uzoefu, wewe uwe wa pili. Kodi lenzi ya 50mm kwa siku moja kama kuna studio inayokodisha karibu nawe, utajua kama unaipenda kabla hujatoa laki nane.

Ukiamua kununua, kutaneni mchana, mahali penye watu. Linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya bodi na iliyo kwenye boksi au risiti, piga picha kitambulisho cha muuzaji, mwandikiane karatasi. Kamera nyingi zinazouzwa haraka haraka usiku ni za mtu mwingine anayezitafuta.

Kisha toa tochi. Muuzaji mwenye kitu kizima atakusubiri umalize, pengine atakushikia mfuniko. Akianza kusema unamchelewesha na kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache amsubiri huyo mteja.